Ngazi Tatu Mlangoni

Nilipoolewa, mlango wa nyumba yetu ulikuwa na ngazi moja ya simiti. Ulishuka hatua moja tu ukawa uwanjani. Ngazi ya pili aliiweka mume wangu mwaka ambao mtoto wetu wa kwanza alianza shule, jiwe bapa alilolileta kutoka mtoni kwa mkokoteni. Ya tatu aliijenga kwa matofali miaka michache iliyopita. Mara zote mbili tulisimama pale tukitikisa vichwa na kuilaumu mvua. Mvua ya Kitui hunyesha siku chache sana kwa mwaka, lakini tuliibebesha lawama yote, na aliyeilaumu kwa sauti kubwa zaidi nilikuwa mimi, ufagio ukiwa mkononi.

Nataka kuandika habari za ufagio huo. Najua wako watakaosema mwanamke wa umri wangu hakosi mambo ya maana zaidi ya kuandika. Waseme. Nimekaa na jambo hili kifuani na sasa limenichosha.

Mama aliyenizaa alikuwa mtu wa usafi wa kutisha. Kwetu uwanja ulifagiwa kabla ya chai, na chai haikumiminwa mpaka ufagiwe. Ukifagia vyema kwa ufagio wa vijiti, mistari hubaki mchangani, yote imelala upande mmoja, na mama alikuwa akitoka nje kuikagua mistari hiyo kama mwalimu anayesahihisha daftari. Palipopindana nilirudia. Uwanja wenye majani ulikuwa na maana mbili tu kwake: ndani kuna mgonjwa au ndani kuna mvivu. Nilikwenda kuolewa nikiwa na imani hiyo, na nilikuwa nimeishika kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia kanisani.

Mama mkwe wangu hakuwa mgonjwa. Nilimwita mwaitu, jinsi sisi Wakamba tunavyomwita mama, naye aliniita mwiitu wakwa, binti yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye mikono mipana, na uwanja wake ulinitia aibu siku ile ile niliyoingia. Alifagia njia moja tu, upana wa watu wawili, kutoka mlangoni hadi langoni. Kwingine kote majani yalilala yalikoangukia. Upande wa chini, nyuma ya jikoni, ndiko kulikokuwa na balaa lenyewe. Kulikuwa na shimo alimotupa maganda, majivu, manyoya ya kuku na maji ya kuoshea vyombo. Migomba mitatu ilisimama kulizunguka, na mpapai mmoja uliopinda, na mihogo, na mchicha uliojiotea bila kuombwa. Chini yake kabisa alikuwa amepanga mawe kwa umbo la nusu mwezi, nami nilifikiri ni mawe yaliyobaki nyumba ilipojengwa.

Aliniambia mara moja tu, wiki yangu ya kwanza, akinionyesha kwa kidole.

"Hapa fagia. Hapa pia ukitaka, fagia. Hapo chini wachana na hapo."

"Kwa nini, mwaitu?"

"Wachana na hapo tu."

Hakuwa mtu wa kueleza. Mimi nilikuwa nimetoka shule, nimezoea kwamba kila jambo lina sababu na sababu huandikwa ubaoni. Nikaamua kwamba hana sababu.

Kwa miaka michache nilitii, lakini utii wangu ulikuwa na hila. Kila mwezi nilipanua sehemu niliyofagia kwa hatua moja. Njia ya watu wawili ikawa ya watu wanne, kisha ikawa uwanja mzima wa mbele. Nilifagia kutoka mlangoni nikishuka hadi kwenye ua wa miti, na yote niliyofagia nikayasukuma nje, kwenye korongo. Mwaitu alinitazama akiwa jikoni na hakunizuia. Kila Jumanne tulikwenda pamoja kwenye mwethya, kikundi chetu cha kulimiana, tukachimba matuta ya fanya juu katika mashamba ya jirani mmoja baada ya mwingine. Unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu, ili mvua ikija isiondoke nao. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nilisifiwa.

Kisha ikaja zamu yangu ya kupokea ushirika wa akina mama wa kanisa. Mwaitu alikuwa amekwenda Mwingi kumuuguza dada yake, na alikaa huko wiki mbili. Wiki mbili zilinitosha. Nilikata migomba yote mitatu, nikang'oa mihogo na mpapai, nikafukia shimo. Yale mawe niliyabeba moja moja nikayatupa korongoni. Majani niliyakusanya nikayachoma, na moshi wake ukakaa juu ya boma siku nzima. Halafu nikafagia kutoka mlangoni hadi kwenye ua, mistari yote imelala upande mmoja. Natamani ningeweza kusema kwamba mkono wangu ulisita mahali fulani. Haukusita hata kidogo. Niliimba.

Mwaitu alirudi siku moja kabla ya wageni. Alizunguka jikoni kwa nyuma, kiondo chake bado kikiwa mgongoni.

"Kiko kyakwa ki va?" akaniuliza. Kiko ni uchafu. Alikuwa ananiuliza uchafu wake uko wapi.

"Nimesafisha, mwaitu. Kesho kuna wageni."

Aliangalia chini, akasogeza mchanga kidogo kwa kidole cha mguu. "Ni nesa," akasema. Ni sawa. Akaingia ndani kutua kiondo.

Kesho yake wageni walikuja, wakaketi mbele ya nyumba, na mwaitu akaketi nao karibu na mlango. Nilipika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, nikayakaanga kwa maharagwe na vitunguu. Mmoja wa akina mama, mtu mwenye sauti, akatazama huku na huku akasema, "Haki huu uwanja ni safi! Hapa hata uji ukimwagika mtu anaokota anakunywa."

Sifa hunilevya, tangu utotoni. Nikajibu, "Asanteni. Hapa tulikuwa tunaishi jaani, lakini sasa tumeokoka."

Walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Mwaitu naye alicheka. Kicheko chake kilichelewa kidogo, baada ya kututazama sote mmoja mmoja kana kwamba anahakikisha jambo. Niliona hayo. Huwa najidanganya kwamba sikuyaona, lakini niliyaona, na nikaendelea kupakua chakula.

Neno lile hakulirudia siku zile. Baada ya miezi mitatu alisema anakwenda kukaa kwa shemeji yangu, mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa amejenga Makueni, upande wa Kibwezi. Alisema anakwenda kusaidia kulea wajukuu. Kwetu mama akienda kukaa kwa kitindamimba hakuna anayeuliza swali, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Mume wangu alimsindikiza. Mimi nilimfungia mizigo, na niliifunga vizuri sana, kila kitu kimekunjwa. Alipotoka nilichukua ufagio nikafuta nyayo zake langoni bila kufikiria. Ilikuwa asubuhi, na asubuhi ni wakati wa kufagia.

Miaka kumi na mitano nilifagia uwanja huo peke yangu.

Mwaka juzi kikundi chetu kikaalikwa kwenye mafunzo ya siku tatu huko huko Kibwezi. Somo lenyewe liliitwa permakalcha, neno ambalo katibu wetu alilitamka kwa namna tatu tofauti katika mkutano mmoja. Tulielezwa kwamba ni ufundi wa kupanga boma ili ardhi, maji, miti na wanyama visaidiane, na mtu apate chakula hatua chache kutoka mlangoni. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa mweka hazina, na mweka hazina haachwi nyuma.

Tuliteremshwa mbele ya boma lililojaa majani. Majani kila mahali, mabua ya mahindi yamelazwa chini, maboga yakitambaa hadi dirishani. Nikamnong'oneza jirani yangu, "Kwani wenyewe walihama?" Akacheka kwa pua. Ndipo mwalimu akatokea katikati ya majani ya maboga, binti wa kama miaka thelathini, amevaa gambuti na kofia. Nilimhukumu hapo hapo.

"Wamama, nani hapa hufagia uwanja kila asubuhi?" akauliza.

Mikono yote ikapanda. Wangu ulitangulia.

"Na mchanga, mnaupeleka wapi?"

"Mchanga gani?" nikamjibu. "Sisi tunafagia majani."

Hakubishana nami. Alitandaza gunia jeupe chini, akachukua ufagio wa vijiti, akafagia mara nne tu kuelekea kwenye gunia, jinsi mimi hufagia. Kisha akalikunja na kutuletea. Kulikuwa na majani matano. Kilichobaki kilikuwa udongo, umejaa viganja viwili.

"Hii ni ya leo," akasema. "Kesho tena, na kesho kutwa. Sasa niwaulize. Siku uliolewa, mlango yako ilikuwa na ngazi ngapi? Na leo?"

Akina mama walicheka, wengine wakaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi sikucheka. Niliona jiwe la mtoni. Niliona matofali. Niliiona hata ile sehemu ya msingi wa nyumba ambayo zamani ilikuwa imezikwa na sasa mbuzi wa jirani hujikunia ubavu hapo.

"Nyinyi Wakamba mimi huwashangaa, na mimi ni Mkamba," mwalimu akaendelea. "Shambani mnachimba fanya juu mpaka mgongo inauma, ndio udongo isiende. Halafu asubuhi unachukua ufagio, unafanya chini, kwako nyumbani!"

Hapo walicheka sana. Utani wenyewe ulikuwa mzuri, na siku nyingine ningeurudia kila mahali. Nilikuwa nimeketi nikijumlisha asubuhi zangu zote. Nilikuwa nimeubeba uwanja wa watu nikautupa korongoni, kiganja kwa kiganja, na nikataka kusifiwa.

Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Baya lilikuwa nyuma ya jikoni, alikotupeleka baada ya chai. Kulikuwa na shimo. Migomba mitatu ililizunguka. Mwalimu alieleza kwamba maganda, majivu na manyoya ya kuku huingia humo, na maji ya vyombo pia, na migomba hunywa na kula hapo bila kuhitaji mtu wa kuimwagilia. Alionyesha mpapai. Alionyesha mchicha na kusema huo huachwa ujiotee. Chini kabisa alionyesha mawe yaliyopangwa nusu mwezi, akasema haya husimamisha maji ya mvua, udongo hutulia hapa, majani huoza hapa, na baada ya muda mnakuwa na ardhi nyeusi ambayo hamkuinunua wala kuibeba.

Kila alichonyooshea kidole nilikuwa nimekiharibu kwa mikono hii. Nilikuwa nimekiona kikiwa kizima, bila somo, bila gambuti, kimewekwa na mwanamke ambaye hakuwahi kushika kalamu. Hakuna kitu kimoja kilichokosekana, hata mahali mpapai ulipokaa. Nikajifanya nakohoa.

Niliuliza swali moja tu siku zile tatu. "Na kama mtu alikuwa nayo, akaing'oa?"

"Anaanza tena," mwalimu akasema. "Ardhi haina kisirani. Inataka tu miaka."

Sikuwaza habari za ardhi nilipouliza.

Mafunzo yalipokwisha wenzangu walirudi Kitui, mimi nikapanda bodaboda hadi kwa shemeji. Mwaitu nilikuwa nimemtembelea mara chache tu tangu ahame, kila mara na watu, kila mara kwa haraka. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki kivulini. Uwanja wa pale ulikuwa umewekwa saruji wote, toka ukuta hadi ukuta. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa akiambua mbaazi kwa kupapasa, mbaazi zikienda kwenye sufuria na maganda kwenye mfuko wa karatasi, na kila mfuko ulipojaa aliushika mapajani kama mtu asiyejua auweke wapi.

Alinijua kwa hatua zangu kabla sijasalimu. "Mwiitu wakwa," akasema. "Umekonda?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Mwaitu, nilikukosea. Maneno mawili, hata mtoto anayaweza. Badala yake nikaanza kumweleza habari za mafunzo, kama mtu anayesoma taarifa ya kikundi.

"Kumbe lile shimo lako lilikuwa na maana. Na yale mawe. Wametufundisha siku tatu."

"Siku tatu?" Akacheka, hata bega likatikisika. "Hiyo kitu ya kutupa maganda? Na waliandika?"

"Tuliandika."

"Mimi nilionyeshwa na mama yangu. Na hakunionyesha, alikuwa tu anafanya." Akapapasa mbaazi nyingine. "Kwani inaitwa aje?"

"Permakalcha."

Alijaribu kulitamka, likamshinda, akacheka tena. Ulikuwa wakati wangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na mimi nikamuuliza kama majivu huwekwa kabla ya maganda au baada yake. Akanijibu vizuri, kwa upole, kwa urefu, yeye ambaye hakuwahi kueleza kitu. Nikaandika.

Nilipoinuka kuondoka nikamwambia, "Rudi nyumbani, mwaitu. Hata kwa kutembea."

"Mvua ikinyesha nitakuja nione," akasema.

Nilirudi na kazi moja: kumrejeshea kona yake kabla hajaja. Nilifikiri nikishaitengeneza haitanilazimu kusema mengi. Angeigusa, angeelewa. Nilifikiri hivyo kwa dhati.

Jambo la kwanza lilikuwa kuacha kufagia, na hilo lilinishinda kuliko kuchimba. Siku tatu za kwanza nilizunguka asubuhi mikono haina kazi, nikinywa chai ambayo nilihisi sijaistahili. Siku ya nne jirani akaja na uji kwenye birika, amefunga leso kiunoni, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa. Wiki iliyofuata mwingine akaja kuuliza kama kuna msiba ambao hatujatangaza. Mume wangu alivumilia nusu mwezi, kisha akasimama ngazi ya juu akatazama majani, akasema, "Tunangoja kuhama?" Nilimweleza yote, isipokuwa lile neno la jaani. Yeye hakuwepo siku ile, na sikuthubutu.

Nilichimba shimo mahali pale pale. Udongo ulikuwa mgumu, mwekundu, umekaa uchi kwa miaka mingi, na sululu iliruka. Nilishuka korongoni kutafuta mawe yake. Mengine yalikuwa yamezama katika mchanga hadi shingoni, na mchanga huo nilijua ulikotoka. Moja nililitambua kwa upande wake mmoja mweusi, maana lilikuwa limewahi kuwa figa kabla halijaenda kupangwa huko chini. Nililibeba kifuani likanichafua nguo. Nikayapanga nusu mwezi, nikapanda machipukizi matatu ya mgomba, na mpapai mmoja upande ule ule ulikopinda wa kwanza. Majani niliyaacha yajazane chini ya miti, nikaenda hadi kwa majirani kuwaomba yao waliyokuwa wakitaka kuyachoma. Walinipa wakinitazama kwa huruma.

Mwaka ukapita, na zaidi. Mpapai ulifika kiunoni. Mgomba mmoja ulikufa, nikapanda mwingine. Ukiinua majani asubuhi ulikuta chini kuna unyevu, na mdudu mmoja mmoja. Sijawahi kumfurahia mdudu maishani mwangu, lakini wale niliwafurahia, nikawafunika tena.

Mvua ya Novemba ilipoanza mwaka jana mume wangu alikwenda kumleta mama yake. Walifika saa za jioni, jua bado liko. Alishika mkono wa mwanawe mpaka mlangoni, halafu akauachia, kwa sababu huu ulikuwa mlango wake na aliujua. Aliinua mguu kwa ngazi moja. Akapanda, akatupa mguu mbele kuingia ndani, ukagonga jiwe. Ilibidi tumdake. Akasimama akipapasa kwa kidole cha mguu ngazi ya pili, kisha ya tatu.

"Nyumba imekua?" akauliza.

"Nyumba haijakua, mwaitu," nikamwambia. "Uwanja ndio umeshuka."

Aliushika mwimo wa mlango. Kisha akapanda, akaingia, akaomba maji ya kunywa.

Nilikuwa nimeamua nitamwonyesha asubuhi, baada ya chai, nimshike mkono nimpeleke nyuma ya jikoni, na huko huko nilitamke lile jambo. Wakati wa chakula aliniuliza mara mbili kama nimekuwa mgonjwa. Nilimwambia niko mzima. Aliniuliza kama mgongo wangu una shida, kama naweza kuinama. Nilicheka, nikamwambia naweza. Sikuelewa kwa nini anauliza. Alikuwa amesikia majani chini ya ndara zake kutoka langoni hadi mlangoni, na mimi sikuelewa.

Niliamshwa na sauti niliyoijua kuliko sauti yangu. Kulikuwa kumepambazuka. Nilidhani naota, nikabaki nimelala nikiisikiliza, hadi nilipokumbuka kwamba anayefagia hapa ni mimi.

Nilitoka nikiwa na leso tu. Mwaitu alikuwa ameinama, mkono mmoja mgongoni, mwingine unafagia. Alikuwa ametoka mlangoni akashuka hadi nyuma ya jikoni, na majani ya mwaka mzima yalikuwa yamerundikwa mahali pamoja karibu na ua. Chini ya mpapai palikuwa pamebaki ardhi tupu, nyeusi, yenye maji, na mistari ya ufagio imelala upande mmoja. Sijui alijifunza lini kufagia hivyo. Pengine alikuwa akinitazama zamani kutoka jikoni.

Akanisikia, akainuka taratibu. Alikuwa akihema na uso umefurahi.

"Nimekufagilia," akasema. "Sikutaka uamke upate kazi. Wageni wakikuja wasikute ni jaa. Niletee kiberiti."

Alilisema neno lile bila uchungu wowote. Hakuwa akinirudishia. Alikuwa amelichukua siku ile mlangoni, akaliweka, akaenda nalo Kibwezi, na sasa alikuwa amekuja nalo kama sheria ya nyumba ambayo mgeni mwema huifuata.

Nilishuka zile ngazi tatu, nikamfuata nyuma ya jikoni, nikamshika mikono yote miwili, na ufagio ukiwa humo. Nikamwambia. Nilimwambia migomba niliikata mimi, naye alijua. Nilimwambia neno la jaani lilikuwa ujinga na majivuno, kwamba nilitaka kuchekesha watu, kwamba niliona alivyocheka na sikuomba msamaha siku hiyo wala siku nyingine. Nilimwambia majani haya niliyaacha makusudi, nimepanga mawe yake, nimechimba shimo lake, nilitaka akute jinsi alivyoacha. Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu.

Alinisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa. Aligeuka akanyoosha mkono, akagusa jani la mgomba, akalifuata kwa vidole hadi kwenye shina.

"Ni nesa," akasema. "Yameisha, mwiitu wakwa. Yaliisha kitambo."

Halafu akaangusha ufagio na kuinama kwenye rundo. Akachota majani kwa mikono yake mipana, akayakumbatia kifuani, akasimama nayo hapo uwanjani kwake, katika boma alimoolewa, akalijenga na kuzalia humo watoto sita, akinigeuzia yale macho yenye ukungu.

"Sasa niambie unataka yakae wapi," akasema. "Hapa ni kwako."

Nilimwambia hapa ni kwake. Akatikisa kichwa kukubali, jinsi mtu mwenye adabu anavyomkubalia mwenyeji. Tuliyarudisha majani hayo asubuhi nzima, mimi kwa karai na yeye kwa mikono, na kila mara kabla hajayaweka chini aliniuliza kama ni hapo.